Bob hajalewa, ndivyo alivyoumbwa

Ndugu mwandishi, umemwonea Bob, mhusika wa mchezo wa video wa Human: Fall Flat, kwa kumwona kama mlevi. Kule kupepesuka si ubovu, ndio mchezo wenyewe! Tomas Sakalauskas wa Lithuania, aliyeutoa mwaka 2016, hakumpa miondoko iliyochorwa tayari. Mwili wa Bob unavutwa na uzito na kasi, na kila mkono una kitufe chake. Kupanda ukuta unatazama juu ili mikono inyooke, unaruka, unashika, kisha unatazama chini ajivute. Ukiachia mapema, umekwisha.

Huku kwetu Mahurunga, mpakani na Msumbiji, vijana wanaucheza kwa kupokezana simu moja, maana kucheza pamoja kwa intaneti ni shida: ukisogea kando ya mto Ruvuma simu inarukia mtandao wa Msumbiji. Hatua ya maji ndiyo inayotuvunja mbavu. Watu waliokulia kwenye mitumbwi wanapewa makasia ya Bob, mtumbwi unazunguka palepale, na kila aliyesimama pembeni anajifanya nahodha.

Ila kwenye lawama zako kuhusu vitufe vya kioo cha simu nakuunga mkono. Vidole vinaziba nusu ya picha, na kuachia mkono mmoja huku umeshikilia mwingine ni mateso. Kama kwenye kompyuta ni raha zaidi, wenye nazo watuambie.