Mambo ya Uani: Vifaranga wa Bata na Wakubwa Wao

Mwezi huu twataka kusema habari ya bata, kwa sababu tumeletewa swali na mama mmoja, na swali lenyewe si lake peke yake. Kuku wake alilalia mayai ya bata, wakatoka vifaranga tisa. Walipotimiza majuma matatu akawatia katika banda la bata wakubwa watano, akidhani kwamba walio wa jamii moja watapokeana. Asubuhi akakuta watatu wamekufa, nao waliosalia wamejibana pembeni wakitetemeka. Sasa auliza: Je, nimchinje bata dume?

Twajibu: asimchinje bado, maana akimchinja na desturi isipobadilika, vifaranga wengine watakufa vilevile. Yafaa kwanza tujue sababu.

Kundi la bata lina wakubwa na wadogo kama lilivyo baraza la wazee. Yuko atanguliaye penye chakula, yuko amfuataye, na yuko angojaye mpaka wote washibe. Mtaalamu mmoja wa Norwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyaeleza mambo haya kwa habari ya kuku katika maandishi yake ya mwaka 1922, nao wafugaji wa bata huona mfano wake kila siku. Mgeni aingiapo ghafula, kila mmoja huanza kukilinda cheo chake. Ndipo wenyeji humdonoa mgeni, humfukuza penye maji, na humkanyaga. Watu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu mdogo hawezi kushika jembe siku ya tatu. Ahitaji majuma mengi.

Tena tazameni udhaifu wake. Bata wengi wa vijijini kwetu ni wale wenye uso mwekundu wa chunjua, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Dume lao akomaapo aweza kufika kilo 4 au 5, na jike hupata kama nusu yake. Kifaranga wa majuma matatu hajatimiza hata kilo moja, wala hana manyoya ya kweli, ila malaika tu. Akiloa hupatwa na baridi, na baridi humwua upesi kuliko mdomo wa bata mkubwa. Kwa hiyo kifaranga aliyefukuzwa akalala nje ya joto la wenzake yu hatarini, hata kama hana jeraha.

Ikiwa vifaranga wametotolewa na bata mwenyewe, kazi ni nyepesi. Mama huwafunika usiku, na mchana huwakabili wanaowasogelea. Hata hivyo apewe chumba chake pamoja na watoto kwa majuma ya kwanza, maana hawezi kuwalinda wote kumi au kumi na wawili penye msongamano. Ikiwa wametotolewa na kuku, au wamenunuliwa bila mama, mzigo wote ni wa mwenye nyumba.

Basi twaeleza mambo kwa utaratibu wake.

Kwanza, joto. Kifaranga asiye na mama ataka joto la kadiri ya digrii 32 za sentigredi katika juma la kwanza, kisha lipunguzwe kidogo kidogo kila juma. Asiye na kipimo atazame vifaranga wenyewe: wakirundikana pamoja, wana baridi, wakitawanyika mbali na taa na kufumbua midomo, wana joto mno. Taa isikaribie majani makavu, isije ikaunguza banda.

Pili, chakula na maji. Wapewe chakula chao wenyewe, wasigombee cha wakubwa. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, nayo hudhuru figo za mtoto. Tena vifaranga wa bata wahitaji vitamini iitwayo niasini kuliko vifaranga wa kuku. Wakiikosa, miguu hupinda na kulegea. Pumba nzuri na dagaa waliosagwa husaidia. Mahindi au karanga zenye ukungu zisiguswe kabisa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na vifaranga wa bata pia, kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Nao vifaranga wa bata ni wepesi sana kudhurika kwayo. Maji yawekwe karibu na chakula sikuzote, yawe na kina cha kuwawezesha kuosha pua, lakini yasiwe ya kuogelea. Mkitia mawe katika chombo, hawatazama.

Tatu, ugonjwa. Bata walionunuliwa sokoni au kwa jirani watengwe siku 30, mbali na kundi la nyumbani, wala chombo chao kisitumiwe na wengine. Bata mkubwa aweza kuonekana mzima naye amechukua homa ya mdondo, iitwayo pia kideri, akawaambukiza kuku. Hali kadhalika uko ugonjwa wa ini unaoua vifaranga wa bata walio chini ya majuma sita, na wakubwa hawaonyeshi dalili yo yote. Ahudumiaye makundi mawili aanze na vifaranga, ndipo aende kwa wakubwa, na anawe mikono.

Nne, kuonana bila kugusana. Hili ndilo jambo lililo kuu. Vifaranga wakianza kuota manyoya, jengeni ua mdogo wa fito au wavu ndani ya uwanja wa wakubwa, wenye kivuli na maji yake. Washindeni humo mchana, na usiku warudi mahali pao. Wakubwa watakuja, watanyosha shingo, watatikisa mikia, kisha watazoea na kwenda zao. Fanyeni hivyo kwa juma moja au mawili.

Tano, kuwachanganya. Ngojeni mpaka manyoya yao yamekwisha kuota, na miili yao imekaribia robo tatu ya ukubwa wa majike. Kwa bata wenye chunjua huenda ikapita miezi miwili na nusu au mitatu. Aina nyingine hukua upesi zaidi. Chagueni asubuhi ya siku ambayo mtu mzima atakuwapo nyumbani. Wafungulieni wote pamoja mahali penye nafasi, si bandani. Wekeni vyombo vya chakula viwili au vitatu, na maji vivyo hivyo, vikiwa mbalimbali, ili anayefukuzwa hapa apate pale. Msimtie kifaranga mmoja peke yake, maana mmoja hubeba mapigo yote.

Kudonoana kidogo na kukimbizana si ajabu, waacheni wapatane. Lakini mkiona damu, au mmoja ameshikwa shingo na kukandamizwa chini, au mmoja haruhusiwi kula tangu asubuhi, mwondoeni, mkajaribu tena baada ya siku chache. Usiku wa kwanza na wa pili vifaranga walale bado katika sehemu yao. Mama aliyetuuliza alipata hasara yake usiku, wakati ambapo mnyonge hana pa kukimbilia.

Na sasa habari ya dume. Dume mmoja atosha majike wanne au watano. Wakiwa madume wawili kwa majike watatu, ugomvi hauishi, na vifaranga wa kike hupandwa kabla ya wakati wao, wakaumia migongo. Hapo dume wa ziada yafaa aende chunguni au sokoni. Lakini dume aliye mmoja katika kundi la kadiri atengwe tu siku za mwanzo, akarudishwe wadogo walipokwisha kuzoeana na majike. Mara nyingi kosa si la dume, ni la banda dogo na sahani moja.

Walimu wanaofuga bata shuleni twawashauri kazi hii wawape watoto wawili wawili kwa zamu, si mmoja. Kila jioni wahesabu vifaranga, watazame nani ana kidonda na nani ana tumbo tupu, wayaandike katika daftari pamoja na tarehe. Pia waangalie tundu za banda, maana nguchiro na kenge hupita penye upenyo mdogo, na hasara yao hudhaniwa kuwa ni kazi ya bata. Mwenye hesabu ya kila jioni atajua siku ile ile kilichopungua, na atakitafuta kungali mapema.