"SI ALIKUNYWA MWENYEWE?"



Ndugu zangu katika imani, baada ya darsa ya Suuratun-Nuur nimeletewa ujumbe mwingi inboksi. Kijana mmoja anayesoma chuo hapa hapa Dodoma ameuliza waziwazi kuliko wenzake: "Ustaadh, binti kaingia geto la mwanaume kwa miguu yake, kanywa pombe kwa mkono wake, asubuhi anasema kabakwa. Na yeye si ana makosa?"

Swali hili nalijibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi mnalo, na wengine mmeshajijibu kimyakimya. Ila nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaandika chochote hapo chini.

Kwanza tukumbushane. Agosti 2024 ilisambaa video ya binti mmoja mkazi wa Yombo Dovya, Dar es Salaam, akifanyiwa unyama na kundi la vijana huku wakimlazimisha kumwomba radhi mtu waliyemwita "afande". Unyama ule ulifanyika hapa kwetu, eneo la Swaswa, na kesi ikasikilizwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Dodoma. Tarehe 30 Septemba 2024 watuhumiwa wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha, na kila mmoja akaamriwa kumlipa binti yule fidia ya shilingi milioni moja.

Lakini kabla ya hukumu hiyo kulitoka hukumu nyingine, na ile ilitoka mdomoni. Kamanda wa Polisi wa Mkoa wakati ule alinukuliwa na gazeti la Mwananchi akisema binti yule alikuwa kama anajiuza. Nchi ikalipuka, Jeshi la Polisi likaonesha masikitiko na Kamanda akahamishwa. Alhamdulillah. Ila tuwe wakweli, maneno yale Kamanda hakuyabuni yeye. Tulikuwa tunayasema sisi kwenye vijiwe, kwenye daladala na kwenye magrupu ya WhatsApp, tena magrupu mengine yenye picha ya Al-Kaaba juu. "Alifuata nini kule?" "Kwani alivaaje?" Na baada ya kuuliza hivyo, tukaituma ile video kwa mwingine. Allah katika Suuratun-Nuur aya ya 19 Amewaahidi adhabu iumizayo, duniani na Akhera, wale wanaopenda uchafu uenee kwa waumini. Ukiacha Akhera, hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haikuruhusu kusambaza picha za ngono. Kama bado unayo kwenye simu, simama hapa uifute, kisha uendelee kusoma.

Sasa turudi kwa kijana wetu.

Imepokewa kwa Waail bin Hujr (r.a), katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mwanamke mmoja zama za Mtume (s.a.w) alitoka kwenda kuswali. Njiani akakutana na mwanaume, akamvamia na kumtenza nguvu. Akapiga kelele, watu wakaja, kesi ikafika kwa Mtume (s.a.w). Wanazuoni wa hadithi wana maneno kuhusu baadhi ya sehemu za riwaya hii, hasa adhabu ya yule mwanaume, lakini tazama alichoambiwa yule mama: aende zake, Allah Amekwisha msamehe. Hakuulizwa kwa nini alitoka peke yake wala alikuwa na maharimu gani. Hakuambiwa "ungeswalia nyumbani", na hali hukumu ya mwanamke kuswali nyumbani inajulikana.

Najua utaniambia: "Ustaadh, yule alikuwa anakwenda msikitini, huyu wangu alikwenda kunywa." Sawa. Tuingie hapo hapo, maana hapo ndipo penye mzizi.

Kunywa pombe ni haramu. Sina lugha laini kwenye hilo na sitafuti. Suuratul-Maaida aya ya 90 na 91 zimefunga mlango. Binti aliyekunywa ana dhambi ya kunywa, atubie kwa Mola wake. Lakini niambie wewe uliyesoma madrasa: ni kitabu gani cha fiqhi, cha madhehebu yetu ya Imam Shafi au mengine yote, kilichoandika kwamba adhabu ya mnywaji pombe ni kubakwa? Dhambi yake ina hukumu yake. Ya yule mwanaume nayo ina hukumu yake, na ni kubwa mara nyingi zaidi, kwa sababu ya kwanza ni baina yake na Allah, na ya pili imebeba haki ya mja. Haki ya mja unaijua inavyokwenda Siku ya Kiyama.

"Lakini alikubali." Alikubali akiwa katika hali gani? Suuratun-Nisaa aya ya 43, kabla pombe haijaharamishwa moja kwa moja, Allah Aliwakataza waumini kuikaribia swala wakiwa wamelewa mpaka wajue wanachokisema. Yaani mlevi hajui anachosema hata mbele ya Mola wake. Kama maneno yake hayafai kwenye swala, wewe umepata wapi ujasiri wa kusema neno lake "haya" saa nane usiku ni ruhusa?

Na kuna kisa cha Maaiz (r.a), kimo katika Sahih Muslim. Alikuja mwenyewe kwa Mtume (s.a.w), akakiri zinaa kwa ulimi wake mwenyewe, zaidi ya mara moja. Mtume (s.a.w) akauliza kama amekunywa pombe, na mtu akasimama kumnusa kinywa. Mtu anakiri dhidi ya nafsi yake na bado anahakikishwa kama ana akili timamu! Leo wewe unachukua kauli ya msichana asiyeweza kusimama, kauli inayokufaa wewe na kumuumiza yeye, unaifanya hoja.

Jambo moja lisichanganywe hapa, maana wapo watakaonukuu nusu. Katika Uislamu ridhaa peke yake haihalalishi kitu. Wawili wakikubaliana wakiwa wazima, bila nikah, ni zinaa na wote wana dhambi. Wale wanaofundisha vyuoni kwamba "mkikubaliana tu basi" wameishia nusu ya njia. Ila kukosekana kwa ridhaa kunaigeuza zinaa kuwa zinaa na dhulma juu yake, na dhambi yote inabaki upande mmoja. Ibn Abdil-Barr wa Andalusia ameeleza kwamba wanazuoni wamekubaliana: aliyelazimishwa hana adhabu. Na Imam Malik katika Muwatta ameweka kwamba aliyemtenza nguvu mwanamke huru hulipa mahari ya mfano wake, pamoja na hadd. Fidia, ndugu yangu, karne kumi na mbili kabla ya mahakama ya Dodoma.

Sheria ya nchi nayo uijue, maana wanaoingia jela wengi waliingia wakiwa na fatwa za kijiweni. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kilichowekwa upya na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinahesabu ni ubakaji pale ambapo ridhaa imepatikana wakati mwanamke amelewa kilevi alichopewa na mwanaume huyo au na mtu mwingine, isipokuwa ithibitike kwamba walishakubaliana kabla. Kifungu hicho hicho kinasema si lazima awe na majeraha ili ionekane alikataa. Adhabu ni miaka isiyopungua 30. Wakiwa kundi, ni maisha kwa kila mmoja, hata yule aliyesema "mimi nilikuwa nimeshika mlango tu". Na ukisema nawe ulikuwa umelewa, kifungu cha 14 kimeshakujibu: ulevi wa kujitakia si utetezi. Yaani pombe yako haikuokoi, ila pombe yake wewe unataka imtie hatiani yeye. Mizani gani hiyo?

Wapo wanafunzi wa fiqhi, nawafahamu, watakaoniletea habari ya hirz. Watasema: mali isiyohifadhiwa ikiibwa, mkono haukatwi, basi na binti asiyejihifadhi vivyo hivyo. Kijana wangu, rudi kwa mwalimu wako. Kwanza, binaadamu si mali ya kufungiwa kabatini. Pili, hata huko kwenye mali, kinachoanguka ni hadd tu. Wizi unabaki haramu, mali inarudishwa, na kadhi anaweza kumtia adabu mwizi. Hakuna kadhi aliyewahi kumgeukia mwenye mbuzi akamwambia mbuzi wako alijitakia.

Je, tuache kuwausia mabinti? Hapana. Mtume (s.a.w) alimwambia Bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Allah. Binti yangu unayetoka Kondoa au Singida, ukashuka stendi na sanduku lako kuja UDOM, CBE, Mipango au St. John's, nakuusia kama mzazi. Usikae faragha na asiye maharimu wako. Usinywe kitu ambacho hukukiona kikifunguliwa, hata kama ni soda. Ukienda mahali, rafiki yako ajue. Na usije ukadanganywa kwamba mvinyo wa zabibu zetu za Dodoma ni "kinywaji chepesi cha nyumbani". Khamri ni khamri, iwe ya Hombolo au ya Ufaransa.

Ila wasia una wakati wake. Huu nimeuweka kabla ya ajali. Nyumba ikishaungua, hakuna jirani mwenye akili anayesimama mlangoni kumsomea mwenye nyumba darasa la namna ya kuzima jiko. Tahadhari uliyomfundisha jana usiigeuze leo ikawa hati ya mashtaka.

Na vijana wa kiume, mbona kwenu kuko kimya hivi? Nimehudhuria semina za wanafunzi wa Kiislamu kwa miaka mingi. Mada ya hijabu haikosekani, na ni haki yake. Mada ya wanaume kuinamisha macho nimeisikia mara za kuhesabu kwa vidole. Na hali Allah katika Suuratun-Nuur Ameanza na wanaume aya ya 30, wanawake wakafuata aya ya 31. Ukimwona rafiki yako anamnunulia binti chupa ya tatu huku yeye mwenyewe anakunywa maji, unajua anachopanga. Mtume (s.a.w) alisema umnusuru ndugu yako akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, na kumnusuru dhalimu ni kumzuia. Hiyo ndiyo kazi yako usiku ule. Mpigie binti bodaboda, au mwite rafiki yake, au gonga mlango ule hata kama utatukanwa.

Wenye umri wangu nao wasikae pembeni. Pombe imelaaniwa pamoja na watu kumi wanaoizunguka, na miongoni mwao ni anayekula thamani yake. Wewe unayekodisha fremu ya baa karibu na hosteli, kisha Ijumaa uko safu ya mbele msikiti wa Gaddafi, hesabu vizuri uko namba ngapi katika wale kumi.

Tena kuna kulazimisha kusikokuwa na pombe wala nguvu. Mhadhiri kashika maksi. TAKUKURU wamefanya utafiti juu ya rushwa ya ngono katika UDSM na UDOM, na sheria ya rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imeitaja kuwa kosa. Watu husema "binti si alikubali ili afaulu?" Zama za Umar (r.a) aliletwa mwanamke aliyeshikwa na kiu jangwani. Mchunga akamnyima maji mpaka ampe nafsi yake. Umar akataka ushauri, na Ali (r.a) akasema huyu alidharurika, aachwe. Akaachwa. Mchunga alikuwa na maji, mhadhiri ana karatasi ya mtihani.

Kuhusu kusingiziwa, ndiyo, lipo. Nabii Yusuf (a.s) alisingiziwa na aliyekuwa na nguvu kuliko yeye, na kanzu iliyochanika kwa nyuma ikasema ukweli. Hata katika hadithi ya Waail alikamatwa asiyehusika kabla mhusika hajajitokeza. Ndiyo maana tuna uchunguzi, madaktari na mahakimu. Wewe si mmoja wao. Ukisema "huyu malaya tu" umeshaingia kwenye aya ya 4 ya sura hiyo hiyo, ya viboko themanini, na mashahidi wanne hapo unatakiwa uwalete wewe, si yeye.

Na wewe binti uliyeniandikia usiku wa Jumapili ukaifuta meseji kabla sijaijibu, kama unasoma hapa: nenda hospitali, usisubiri kesho. Usioge kwanza, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi uende nazo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi ndani ya saa 72 tu, na kila saa inahesabika. Polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, hapo utapata fomu ya PF3. Kama unaogopa kwenda peke yako, niandikie tena, mke wangu atakuja na wewe.

Wazazi, simu ikilia usiku na mtoto analia upande wa pili, muulize yuko wapi, mwambie unakuja. Mengine yatasubiri.

Wallaahu a'lam.