Diski Ilikuwa Ikikudanganya

Kila mfumo endeshi unapobadilisha namna ya kuandika diskini, wenye mashine pepe huwa wa kwanza kupiga kelele: jana zilikimbia, leo zinatambaa, basi sasisho limeziharibu. Kauli hiyo imezoeleka hadi hakuna anayeihoji. Mimi siikubali.

Chukua ext3, mfumo wa faili uliobeba seva nyingi za Linux kwa miaka. Huandika kwanza kwenye daftari lake, kisha mahali penyewe, ili umeme ukikatika ujue pa kuanzia. Hila hiyo yote inategemea mpangilio. Lakini diski ina kache yake: hujibu kwamba imemaliza huku data ingali humo, tena huiandika kwa mpangilio iupendao. Ni kama karani anayekuambia hela ziko benki, kumbe zimo mfukoni mwake. Dawa ni vizuizi, yaani amri ya kuilazimisha diski imalize yaliyotangulia kabla ya kushika yanayofuata. Ext3 ilikuwa nayo, ila kwa chaguo-msingi ilikuwa imezimwa.

Mwaka 2008 wajenzi wa Linux walibishana kama vizuizi viwashwe kwa chaguo-msingi. Chris Mason alikuwa na programu ya majaribio iliyoonyesha ext3 ikiharibika kirahisi umeme unapokatwa. Andrew Morton aliogopa kazi nyingi kupungua kasi kwa asilimia 30. Hofu ikashinda ushahidi, na vizuizi vikasubiri kuwashwa hadi Linux 3.1, mwaka 2011. Asilimia hizo 30 unazozililia zilipatikana kwa kutothibitisha kitu.

Mashine pepe huumia zaidi kwa sababu amri ya mgeni (yaani mashine pepe) inapaswa kufika hadi diski halisi ya mwenyeji (kompyuta inayoibeba), na wageni watano wakibanana kwenye diski moja ya kuzunguka, kila mmoja husubiri. Ndiyo maana kuna njia za mkato. Mwongozo wa VirtualBox, programu ya mashine pepe, unakiri kwamba kwa kawaida amri hizo hupuuzwa kwa ajili ya kasi. QEMU, programu nyingine ya aina hiyo, ina chaguo la cache=unsafe lenye hila hiyo hiyo: inafaa kwa mfumo wa majaribio utakaoufuta jioni, si kwa hesabu za duka.

“Nina UPS,” hunijibu wengi. Vizuri, lakini kiini (kernel) cha mwenyeji kikianguka, data ambazo mgeni anaamini zimehifadhiwa hupotea na RAM ya mwenyeji, umeme ukiwaka vilevile.

Lawama moja naipokea: kubadilisha chaguo-msingi kimyakimya, msimamizi akagundua Jumatatu asubuhi foleni ikiwa imejaa, ni utovu wa adabu. Tangazo lingemwezesha kununua mapema SSD yenye kapasita za kulinda kache, ambayo huijibu amri ya kizuizi haraka bila kudanganya. Asiyetaka kununua, barrier=0, inayozima vizuizi, ingalipo kwenye ext4, mrithi wa ext3. Aiandike mwenyewe kwenye faili la mipangilio la fstab, kwa mkono wake, na bosi wake ajue.