Kalibu za Sabuni

Wasomaji wapendwa, hasa kina mama wa Nachingwea na Ruangwa wapikao sabuni nyumbani, neno letu mwezi huu lahusu kalibu.

Msimimine sabuni katika sufuria ya alumini, kwa kuwa kostiki huila alumini na kutoa hewa iwezayo kushika moto. Kasha la mbao lafaa sana. Tandikeni ndani karatasi ya nailoni, sabuni isigande ubaoni.

Mafuta ya ufuta, tuliyo nayo kwa wingi, hufanya sabuni laini. Yachanganyeni na ya nazi, au iacheni sabuni kalibuni siku mbili tatu. Ile ya nazi tupu hukauka upesi; ikateni mapema, isije ikapasuka. Kisha ipangeni kivulini majuma manne.

Lakini kubwa ni watoto. Sabuni mbichi yafanana na uji, na mtoto mwenye njaa haulizi. Basi kalibu iwekwe asipofika, wala isiwe bakuli la kulia. Aliyeionja asitapishwe, asuuzwe kinywa, apelekwe hospitali hima.

Walimu, tafadhali wasomeeni wazazi maneno haya.