Barua ya michezo: usikatae kabla ya kuuliza



Ndugu msomaji, wiki hii tulizungumze jambo linalozusha mvutano katika nyumba nyingi za mkoa wetu wa Singida kila msimu wa mavuno. Alizeti inapokauka shambani, ndipo na shule za sekondari zinapochagua vijana wa kwenda UMISSETA. Mtoto hurejea nyumbani na barua ya kuomba idhini. Baba huisoma, kisha huuliza: "Nimekupeleka shule kusoma au kukimbia?" Barua ikaishia hapo.

Mama mmoja wa Ikungi alinisimulia kuwa barua ya namna hiyo ililetwa na bintiye wa kidato cha pili, aliyeteuliwa kukimbia mita 1,500. Baba akakataa. Binti hakubisha wala hakulia, lakini tangu siku hiyo hamwelezi baba yake habari yoyote ya shule. "Ustadhi," akaniuliza mama yule, "tumemlinda mwanetu au tumempoteza?"

Tusimlaumu baba kabla ya kumsikiliza. Anahofia masomo, sala na stara. Anahofia binti kulala mbali na macho ya wazazi, na mikono kupungua shambani wakati wa kazi. Mzazi asiye na hofu hizo ndiye wa kushangaza. Ila hofu humpa mzazi sababu ya kuuliza, haimpi sababu ya kufunga mlango.

Wala tusiseme kuwa dini ndiyo inayokataza. Mtume (s.a.w.) alimsifu muumini mwenye nguvu, bila ya kumnyima aliye dhaifu kheri yake. Imepokewa pia kwamba alishindana mbio na Mama Aisha (r.a.), safari ya kwanza Mama Aisha akamshinda, na safari nyingine, baada ya muda kupita, Mtume akashinda. Nyumba iliyo kigezo chetu haikuona mbio kuwa ni upuuzi, wala haikuona haya kushindwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri kijana wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Msomaji wa kijijini atasema: mwanangu huchota maji na kulima, mazoezi gani tena? Ni kweli. Lakini jembe halimfundishi kijana kushindwa mbele ya watu, akampa mkono aliyemshinda, kisha kesho yake akarudi uwanjani. Halimfundishi kutii uamuzi wa refa asioupenda, wala kumpasia mwenzake mpira ambao angependa kuupiga mwenyewe. Hayo kijana atayahitaji katika ndoa, katika biashara na siku ya matokeo mabaya ya mtihani. Ni afadhali ayaonje akiwa bado na mwalimu pembeni yake.

Ardhi hii imekwisha kutoa mifano. Zakia Mrisho, binti wa Singida, alishika nafasi ya sita katika mita 5,000 kwenye mashindano ya dunia ya riadha jijini Helsinki mwaka 2005, kwa dakika 14 na sekunde 43.87. Alphonce Simbu, mwana wa mkoa huu huu, alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni jijini Tokyo mwezi Septemba 2025, akimtangulia mpinzani wake kwa sekunde 0.03 tu baada ya kilomita 42.

Hata hivyo, nisiwadanganye. Kati ya vijana wengi wanaokimbia, ni wachache mno watakaofika huko. Asiyefika bado atabaki na afya, subira na nidhamu ya muda, nayo si malipo madogo. Masomo yabaki mbele; na kijana anayejua kuwa akishuka darasani ataachwa nje ya timu, mara nyingi hushika daftari bila ya kusukumwa.

Basi, mzazi, barua ikija, nenda shuleni. Uliza ni mwalimu gani wa kike atakayefuatana na mabinti, na kambini watalala wapi. Uliza kama ratiba inaacha nafasi ya sala. Uliza kuhusu mavazi, wala usiambiwe kuwa stara haiwezekani: tangu mwaka 2014 kanuni za mpira wa miguu duniani zinamruhusu mchezaji kujifunika kichwa, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017. Uliza namna atakavyofidia vipindi alivyokosa. Ukikosa majibu ya kuridhisha, kataa, na umweleze mwanao sababu. Ukiyapata, tia saini.

Na shamba? Siku chache za mavuno zinaweza kufidiwa na ndugu na majirani. Imani ya binti kwa baba yake haina kibarua wa kuifidia.

Mama yule aliniambia juzi kuwa mumewe amekubali kwenda kuonana na mwalimu wa michezo. Sijui atasaini au hatasaini. Huo ni uamuzi wake, naye ndiye mchunga wa nyumba yake. Lakini safari hii binti atakuwa amemwona baba yake akifunga safari kwa ajili yake, na huenda jioni hiyo akamsimulia habari za shule.

Wabillahi tawfiq.