Mgeni Apewe Mwanafunzi wa Hapa: Barua ya Wazi kwa Baraza la Madaktari Tanganyika

Mheshimiwa Mwenyekiti, Msajili na wajumbe wa Baraza,

Nawaandikia kuhusu usajili wa muda mnaowapa madaktari wa kigeni wanaokuja kutoa huduma nchini kwetu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya mkoa. Ombi langu ni moja, nami nalitanguliza: mgeni asipewe usajili huo mpaka fomu yake ioneshe jina la Mtanzania atakayemfundisha, kazi atakayomfundisha, na namna watakavyoendelea kushauriana baada ya mgeni kuondoka.

Kuhakiki vyeti vya mgeni ni lazima, maana kunamlinda mgonjwa atakayelala mezani wiki hiyo. Lakini mgonjwa wa mwezi ujao, atakayefika wageni wakiwa wamekwisha kupanda ndege, naye ni mgonjwa wenu.

Tazameni yaliyotokea Haydom. Mwaka 2006 Dilan Ellegala, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alifika katika Hospitali ya Kilutheri Haydom, wilayani Mbulu. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na mabingwa 3 tu wa fani hiyo. Angeweza kuwapasua wale ambao angewawahi, akaaga, akaondoka. Badala yake alimchukua Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi wa pale pale hospitalini, akaanza kumfundisha upasuaji wa ubongo hatua kwa hatua. Vifaa vilikuwa haba; fuvu lilifunguliwa kwa msumeno wa waya wa aina wanayokatia miti wakulima wa huko. Mayegga akaiva, kisha naye akamfundisha mwenzake.

Wapo waliouliza kama ni sawa mtu asiye bingwa kupewa kichwa cha binadamu akifungue. Wana haki ya kuuliza. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo hasa linalolihitaji Baraza. Mafunzo yakifanyika kimya kimya kati ya mgeni na mwenyeji wake, hakuna anayejua mwanafunzi amefuzu nini, wala wapi asimame na kuandika rufaa. Yakiandikwa kwenye fomu yenu, mipaka nayo huandikwa.

Sasa niwaeleze ninachokiona kazini. Kambi ya upasuaji ya wageni ikitangazwa redioni, watu hutoka vijijini na mikeka yao, korido zikajaa. Kuanzia hapo kila mtu hukimbizana na idadi, kwa sababu ripoti itakayopelekwa kwa wafadhili itauliza wamepasuliwa wangapi. Daktari mgeni hushika kisu tangu ngozi inapochanwa mpaka inaposhonwa. Daktari wetu aliye kwenye mafunzo kwa vitendo hupewa kazi ya kuvuta kingo za kidonda zisijifunge, na akibahatika hukata nyuzi. Hiyo nayo ni kazi, lakini mtu hawezi kujifunza upasuaji kwa kuvuta kingo.

Liko jingine linaloniuma zaidi. Baadhi ya wageni huja na wanafunzi wao wenyewe kutoka vyuoni kwao. Hao husimama mezani, hueleweshwa kwa lugha yao, hukabidhiwa sindano washone. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tano husimama ukutani na kofia zao na barakoa zao, wakitazama migongo. Baada ya miaka michache mwanafunzi yule wa mezani atakuwa kwao, penye mabingwa chungu nzima wa kumwongoza. Huyu wa ukutani atapangiwa Kaliua, au Ngara, au Tunduru, na usiku mmoja ataletewa mama ambaye mfuko wake wa uzazi umepasuka, na wa kumpigia simu hatakuwapo. Nani kati ya hawa wawili alistahili kusogea mezani?

Sisemi haya kwa kuwachukia wageni. Wengi ni watu wema, wameacha likizo zao na familia zao, na wakiombwa kufundisha hufurahi. Tatizo ni kwamba hawaombwi. Mkuu wa idara huona haya kumwekea masharti mtu aliyekuja na shehena ya dawa na vifaa ambavyo hospitali imevisubiri kwa muda mrefu. Sharti likitoka kwenu, mwenyeji hatakuwa na haja ya kuona haya, na mgeni atajiandaa kufundisha tangu akiwa kwao.

Magonjwa mengine yenyewe hayaponi bila mwanafunzi. Watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda hutibiwa kwa njia ya Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mkono, ukafungwa plasta, na plasta hubadilishwa kila wiki kwa wiki 5 au zaidi. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kano nene ya kisigino. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, mwanzoni mchana na usiku, baadaye usiku tu, mpaka afikishe miaka 4 hivi. Mgeni wa wiki 2 hawezi kumaliza hata mtoto mmoja. Lakini katika wiki hizo 2 anaweza kumfundisha tabibu au mtaalamu wa viungo wa hospitali namna ya kushika mguu na kufunga plasta, na huyo ndiye atakayekuwapo mtoto akirudi wiki ya tatu, na mama akija kulalamika kwamba viatu vinambana mwanawe.

Wageni wengine tunao kwa muda mrefu. Timu za madaktari kutoka China zinakuja Zanzibar tangu 1964 na Bara tangu 1968. Aliyezaliwa Unguja mwaka timu ya kwanza ilipofika amekwisha kupita miaka 60. Kwa Bara, penye mamlaka yenu, kila timu inayoingia ingekabidhiwa daftari la mwanafunzi kutoka kwa timu inayotoka, likionesha alikwisha kufanya nini akisimamiwa na nini bado, fani ingejengwa juu ya ilipofikia, badala ya kila anayekuja kuanza moja. Daftari hilo likae Baraza, nakala ibaki hospitali.

Wizara ya Afya yenyewe inalijua jambo hili la kumwachia mwenyeji ujuzi. Madaktari wa mpango wa Madaktari Bingwa wa Rais Samia wanapozunguka kwenye hospitali za halmashauri, sehemu ya kazi yao ni kuwajengea uwezo madaktari wanaowakuta huko. Kama tunalitaka kwa Mtanzania mwenzetu anayetoka Muhimbili kwenda Nachingwea, haiwi uonevu kulitaka kwa anayetoka Boston au Oslo.

Kufundisha kunachelewesha kazi, nalikubali hilo waziwazi. Upasuaji wa saa 1 utachukua 2, na idadi ya waliopasuliwa katika kambi itashuka. Kuna watu waliosafiri umbali mrefu watakaorudi bila kupasuliwa siku hizo, na ni sisi wauguzi tutakaowaeleza. Niko tayari kufanya hivyo iwapo ninaweza kumwambia mgonjwa, bila kumdanganya, kwamba mwezi ujao yuko daktari wetu atakayemhudumia. Kwa sasa siwezi kumwambia hivyo. Mgonjwa naye aambiwe mapema kwamba kuna anayejifunza mezani na kwamba mwalimu yuko naye, akubali au akatae. Panapotokea maafa, kama ajali kubwa au mlipuko wa ugonjwa, sharti la kufundisha liwekwe kando.

Yapo mawili madogo yatakayosaidia. Daktari anayehuisha leseni hudaiwa pointi za mafunzo endelevu. Basi aliyefundishwa na mgeni apewe pointi zake, na Mtanzania atakayemfundisha mwenzake baadaye apewe zaidi. Na mwisho wa kila ziara ripoti isainiwe na watu wawili, mgeni na mwanafunzi. Mwanafunzi aandike kwa mkono wake ni kazi gani sasa anaweza kuifanya akiwa peke yake, na ipi bado hawezi. Pale aliposema hawezi ndipo Baraza litajua mgeni anayefuata aje kufundisha nini.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa chumba cha upasuaji
Kanda ya Ziwa