Utaridi Iko Wapi? Hoja ya Kulitafuta Giza Kati ya Ruiru na Thika

Mwombe mwanafunzi yeyote aliyepitia shule ya msingi katika enzi za mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, akutajie sayari kwa Kiswahili. Yamkini atakukaririria bila kuvuta pumzi: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Kisha umwombe mtoke naye nje ya bweni, jioni isiyo na mawingu, akuonyeshe mojawapo. Hapo ndipo ufasaha wake utakapokoma.

Nadai katika makala haya kwamba msamiati wa anga umetuharibikia kwa sababu tumeufundisha na kujifunza tukiwa chini ya paa, na kwamba sisi tunaosoma Kiswahili katika vyuo vilivyopangana kando ya barabara ya Thika, tangu Kahawa hadi Juja na Thika yenyewe, tuna wajibu wa kutoka nje na kuutazama upya. Mahali pa kufanyia kazi hiyo papo, wala si mbali.

Hebu tuichunguze orodha hiyo, ambayo imechapishwa na kurudiwa katika vitabu vingi vya marudio. Zebaki si sayari. Ni ile metali ya majimaji iliyomo ndani ya vipimajoto. Kwa kuwa Kiingereza huiita metali na sayari kwa jina moja, yaelekea mfasiri fulani alilikuta neno la kwanza akaridhika nalo. Sayari yenyewe, ile iliyo karibu zaidi na jua, ilikuwa na jina lake tangu zamani: Utaridi, kutokana na Kiarabu. Baada ya kunyang'anywa nafasi yake, Utaridi haikuwa na pa kukaa, ikapelekwa hadi mwisho wa orodha na kukabidhiwa Pluto. Lakini Pluto iligunduliwa mwaka 1930, kwa darubini na bamba za picha, na haionekani kwa macho matupu kamwe. Nahodha gani wa Lamu au Mombasa angeweza kuipa jina? Kausi nayo, iliyopewa Neptune ambayo iligunduliwa mwaka 1846, ni upinde wa mpiga mshale katika buruji za falaki. Sarateni ni kaa, buruji nyingine. Zohali, ambayo kwa Waarabu na kwa wanafalaki wa pwani ni ile sayari ya manjano iendayo polepole kuliko zote zionekanazo, ilisukumwa kwenda kwa Uranus ili kaa apate kukaa mahali pake.

Orodha iliyo sahihi ni fupi: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Ni tano tu, kwa sababu ni hizo tano ambazo jicho la mwanadamu lilizoea kuziona zikitembea miongoni mwa nyota. Aliyewahi kuzitazama hangeweza kukosea idadi yake. Mwaka 2006 wanaastronomia wa dunia waliiondoa Pluto katika hesabu ya sayari kubwa, na walimu wetu wengi wakafuta tu jina la mwisho ubaoni. Kwa hiyo neno lililofutwa lilikuwa Utaridi, jina halali la sayari ambayo bado ipo na bado inazunguka! Sijui kama kuna lugha nyingine iliyopoteza sayari kwa namna hiyo.

Simlaumu mfasiri wa kwanza. Kinachonishangaza ni miaka mingi ambayo kosa lake liliishi, vizazi kwa vizazi vya watahiniwa, bila mtu kuuliza. Kosa katika jina la samaki lisingedumu hata msimu mmoja, kwa kuwa mvuvi angecheka. Kosa katika majina ya anga lilidumu kwa sababu hapakuwa na mvuvi.

Na si sayari peke yake. Chukua neno suheli. Kamusi humweleza mwanafunzi kuwa ni upande wa kusini, au upepo utokao huko, naye hulihifadhi pamoja na visawe vingine vya insha. Lakini Suheli kwanza ni nyota, ya pili kwa mng'aro katika anga lote la usiku baada ya ile ambayo Waarabu huiita Shira. Jaa vilevile, ambalo katika kamusi ni kaskazini, ni nyota ya ncha ya kaskazini, iliyozama chini ya upeo kwa mtu aliye Lamu na kuibuka pole kwa pole kadiri chombo kilivyovuka ikweta kuelekea Arabuni. Mabaharia hawakutunga maneno haya ili yapambe utenzi. Walikuwa wakitafuta njia ya kufika.

Sasa, mkaazi wa Ruiru atayaona wapi haya? Mjini hatayaona. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu zaidi ya 238,000 Ruiru. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya 490,000. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa kuanzia mwaka 2009 na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, na pamoja nayo zikaja taa, vituo vya mafuta, maduka makubwa na maghorofa ya kupangisha. Sina ugomvi na taa. Mwanafunzi wa kike anayetoka maktaba saa tatu usiku anazihitaji kuliko anavyoihitaji Suheli. Hata hivyo, taa nyingi zimeelekezwa pasipo faida, zinamulika mawingu badala ya njia, na mwanga wake ukisambazwa na vumbi na mvuke huwa kama shuka la rangi ya chungwa lililotandazwa upande wa Nairobi. Ukiwa Ruiru shuka hilo limekufunika kabisa. Utaona mwezi, Zuhura, Mshtarii, pengine nyota thelathini ukibahatika.

Kanuni ya kwanza ya mtafuta giza, kwa hiyo, ni kuupa mji mgongo. Kutoka Thika kuna pande mbili za kuzingatia. Upande wa magharibi na kaskazini-magharibi ni Gatanga, hadi kwenye bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na ambalo hulipatia jiji la Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Ni mahali pa juu, hewa ni safi, giza lipo. Lakini safu ya Nyandarua huzaa mawingu kila alasiri, na mtu aweza kusafiri huko mara tatu asione ila ukungu. Mimi simshauri mtu aanzie huko.

Upande wa mashariki ndio wenye neema. Ukiiacha Thika kwa barabara ya Garissa, ukayapita mashamba ya mananasi (ambayo ni mali ya watu na yana walinzi, usithubutu kuingia), nchi huanza kushuka na kukauka. Gatuanyaga na Munyu ziko huko. Mvua ni chache kuliko Gatanga na nyumba zimeachana. Mwanga wa Thika na wa Nairobi unabaki nyuma yako, na mbele, kuelekea Yatta, upeo wa mashariki uko wazi na mweusi. Uwanja wa shule au wa kanisa, kwa ruhusa ya wenyewe, unatosha kabisa.

Kusini-mashariki ya Thika umesimama Kilimambogo, au Ol Donyo Sabuk kama uitwavyo kwa Kimaasai, wenye urefu wa mita 2,145. Wengi hudhani kwamba kileleni ndiko kuzuri zaidi. Siafiki. Mlima huu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1967, msitu wake ni mnene hadi juu, na mbogo walioupa jina bado wamo. Asiende mtu usiku kwa ujanja wake. Mwenye nia akubaliane kwanza na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, apige hema panaporuhusiwa. Kwa kundi la wanafunzi, uwanda wa chini, karibu na maporomoko ya Fourteen Falls ya mto Athi, unafaa zaidi kwa kutazama, mradi kundi lisikae ukingoni mwa maji.

Kuhusu majira, Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu mazito katika nyanda hizi, na masika hayafai. Januari na Februari ndiyo miezi ya kutegemea. Chagueni usiku wa mwezi mwandamo, au siku chache kabla yake. Kurunzi zifunikwe kwa karatasi nyekundu, simu zizimwe, na macho yapewe nusu saa kulizoea giza. Wengi hukata tamaa katika dakika ya kumi, wakati anga ndiyo kwanza linafunguka.

Mwishoni mwa Januari, mnamo saa tatu au saa nne usiku, utaona Jabari akiwa juu sana, karibu utosini. Ukigeukia kusini utaikuta Suheli kwenye kimo cha digrii 38 hivi juu ya upeo, nyeupe, haina mshindani karibu yake. Kaskazini-magharibi kuna kishada kidogo cha nyota sita au saba zilizosongamana: hicho ndicho Kilimia. Jina latokana na kulima, nayo methali yatwambia kwamba kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa hakika, mnamo Mei, mvua za masika zikiwapo, kishada hicho huzama pamoja na jua na kutoweka, kisha huonekana tena alfajiri ya Juni wakati mvua zimekwisha. Wakhosa wa Afrika Kusini hukiita isiLimela na Wasotho Selemela, neno lile lile, kazi ile ile ya jembe. Mwanaisimu wa Kibantu anayetafuta mada ya tasnifu asihangaike. Wazee wa Kikikuyu na wa Kikamba wanaishi Gatuanyaga na Munyu humo humo, nao wana majina yao ya nyota ambayo yafaa yaandikwe wangali hai.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya idara ya fizikia. Nawajibu kwamba fizikia haina neno la kutuazima. Mwanafizikia atakuonyesha ile sayari ndogo na kukutajia mwendo wake, kisha atakugeukia wewe, mwanafunzi wa Kiswahili, akuulize iitwaje. Utamjibu Zebaki?

Utaridi yenyewe haiwi mbali na jua kwa zaidi ya digrii 28, kwa hiyo huonekana kwa muda mfupi tu baada ya magharibi au kabla ya mapambazuko, na si kila wiki. Katika Ulaya hujikokota karibu na upeo, imefunikwa na ukungu. Hapa kwetu, digrii moja tu kusini mwa ikweta, njia ya sayari husimama karibu wima, na Utaridi hupanda vizuri. Kwa kuwa magharibi yetu imeharibiwa na mwanga wa jiji, tuitafute alfajiri, upande wa Yatta.

Napendekeza basi kwa viongozi wa chama kwamba safari ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida huwa ni ya kwenda kusikiliza mihadhara katika ukumbi mwingine, mwaka huu iwe ya kwenda Munyu. Matatu moja ya kukodi yatosha. Chifu wa eneo apelekewe barua mapema, wenyeji waalikwe, na kila mtu aje na koti, daftari na kalamu ya risasi. Ratiba ya sayari za miezi hiyo hupatikana bure katika programu za simu. Tuichague wiki ambayo Utaridi itachomoza mapema kuliko jua, nasi tuwe tumekwisha kuketi, tumeelekea mashariki, saa kumi na moja kasorobo.